Sudoku ngumu haifunguki kwa kubahatisha

Anayesafirisha mzigo kati ya Dar es Salaam na Kigali anaujua muda wa Rusumo. Nyaraka ziko dirishani, dereva amelala ndani ya keba, chai ya pili imeshapoa na simu imebaki na chaji kidogo. Gazeti limesomwa lote, kuanzia bei ya mafuta hadi matangazo ya vifo. Kilichobaki ni ule mraba wenye vyumba 81 kwenye ukurasa wa burudani, na kalamu ya wino iliyoazimwa kwa wakala wa forodha.

Kwa kawaida mambo huanza vizuri. Tarakimu kumi za kwanza huingia bila shida, halafu fumbo hugoma. Baada ya dakika 20 za kukodoa macho, mkono unaandika 6 mahali ambapo “huenda” ni 6, na kazi inaendelea. Vyumba vinane baadaye zinatokea 3 mbili kwenye mstari mmoja. Wino haufutiki, na gazeti linaishia kufungia karanga.

Kosa halikuanzia kwenye 3 hizo. Lilianzia kwenye ile 6 iliyoandikwa bila ushahidi. Sudoku iliyotungwa vizuri ina jibu moja tu, na hata iliyoandikwa “ngumu” juu yake hufikiwa kwa hoja, hatua kwa hatua. Wengi hukwama kwa sababu wanazijua mbinu mbili za mwanzo tu, na zikiisha hizo wanaanza kupiga ramli.

Bidhaa iliyorudi kwao na jina jipya

Wengi hudhani mchezo huu ni wa Kijapani. Asili yake ya karibu ni Marekani. Mwaka 1979 jarida la mafumbo la kampuni ya Dell lilichapisha fumbo liitwalo Number Place. Jina la mtungaji halikuandikwa, lakini anatambuliwa kuwa Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa jimbo la Indiana. Alifariki mwaka 1989, kabla dunia haijaanza kugombania magazeti kwa ajili ya fumbo lake.

Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoongozwa na Maki Kaji, ililichukua fumbo hilo na kulipa jina refu la Kijapani lenye maana kwamba kila tarakimu ibaki kapera. Jina hilo likafupishwa kuwa sudoku. Nikoli ililisajili nchini Japani, lakini haikulisajili kwa wakati nje ya nchi. Matokeo yake ni kichekesho cha biashara: ndani ya Japani washindani wa Nikoli hutumia jina lenye asili ya Kiingereza, na kwingineko duniani kila mtu anatumia la Kijapani bila kuilipa Nikoli chochote. Kaji alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 69.

Aliyelivusha hadi Ulaya ni Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong. Mwaka 1997 aliliona fumbo hilo kwenye duka la vitabu mjini Tokyo, kisha akatumia miaka sita kuandika programu ya kompyuta ya kuyatunga. Gazeti la The Times la London lilianza kuyachapisha Novemba 12, 2004. Gould aliyatoa bure. Alichouza ni programu yake, ambayo msomaji aliyenogewa angeitafuta mwenyewe. Mwaka 2005 magazeti ya Marekani nayo yalikuwa yakichapisha fumbo lililozaliwa kwao, sasa likiwa na jina la ugenini.

Penseli kwanza, jibu baadaye

Kanuni ni moja. Mraba una mistari 9 ya mlalo, safu 9 za wima na nyumba 9, kila nyumba ikiwa na vyumba 9 (vitatu kwa vitatu). Tarakimu 1 hadi 9 lazima ziwepo zote katika kila mstari, kila safu na kila nyumba, bila kurudiwa. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Zingeweza kutumika herufi tisa au picha za matunda tisa, na mchezo ungebaki uleule.

Kwa mafumbo mepesi, mbinu mbili zinatosha. Ya kwanza ni kutazama chumba na kuuliza ni tarakimu gani zimebaki kwa ajili yake. Ikibaki moja tu, inaandikwa. Ya pili ni kuichukua tarakimu na kuuliza ni chumba gani kimebaki kwa ajili yake ndani ya nyumba, mstari au safu fulani. Maswali haya mawili yanafanana kwa sauti, lakini si kitu kimoja. Mchezaji anayeuliza la kwanza peke yake hupitwa na majibu mengi yaliyo mbele ya macho yake.

Fumbo likigoma, kazi ya penseli inaanza. Katika kila chumba kitupu yaandikwe, kwa maandishi madogo, majina ya “wagombea” wote: tarakimu ambazo bado hazijakataliwa na mstari, safu au nyumba ya chumba hicho. Kuanzia hapa lengo linabadilika. Mchezaji hatafuti tena jibu la chumba, anatafuta mgombea wa kumfuta. Jibu hujitokeza wagombea wakipungua.

Mfanyabiashara wa mpakani hoja ya aina hii anaifanya kila siku. Cheti cha uasilia kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni cha shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mzigo ukizidi hapo, cheti hicho kinaondoka mezani kabla hata hajajua ni nyaraka ipi nyingine ataitumia. Kujua kisichowezekana ni nusu ya safari.

Ufutaji wa kwanza hutokana na nyumba kukutana na mstari. Chukulia nyumba ya juu kushoto. Ikiwa 4 yake inaweza kukaa tu kwenye vyumba vya mstari wa 1, basi 4 ya mstari huo imo ndani ya nyumba hiyo, hata kama chumba chenyewe hakijajulikana. Kwa hiyo vyumba vingine vyote vya mstari wa 1, nje ya nyumba hiyo, vinapoteza 4.

Jozi inayojifungia

Mbinu ya jozi ndiyo inayowatenganisha wanaoanza na waliozoea. Ikiwa vyumba viwili vya mstari mmoja vina wagombea haohao wawili tu, tuseme 3 na 8, basi kimoja kitakuwa na 3 na kingine 8. Ipi ikae wapi hatujui, na bado hatuhitaji kujua. Tunachojua ni kwamba 3 na 8 za mstari huo zimeshapata makazi, hivyo zifutwe kwenye vyumba vingine saba vya mstari. Hoja ni ileile kwa safu au nyumba, na ni ileile kwa vyumba vitatu vinavyogawana tarakimu tatu.

Jozi ngumu kuiona ni ile iliyofichika. Hapa vyumba viwili vimejaa wagombea wengi, labda kimoja kina 1, 2, 5 na 9, na kingine 2, 5, 6 na 7. Lakini ukichunguza nyumba nzima unakuta 2 na 5 hazipo kokote isipokuwa ndani ya vyumba hivyo viwili. Basi vyumba hivyo ni vya 2 na 5, na wagombea wengine wote waliomo humo wafutwe. Macho ya kawaida hutazama chumba. Jozi ya namna hii huonekana kwa anayefuata tarakimu.

Bawa la X

Hapa ndipo mafumbo “magumu” ya magazetini hufunguka. Wachezaji huiita mbinu hii bawa la X, kwa sababu mistari ya hoja yake hukatana kama herufi hiyo.

Chukua tarakimu moja, tuseme 7. Katika mstari wa 2 inaweza kukaa sehemu mbili tu: safu ya 3 au safu ya 8. Katika mstari wa 6 hali ni hiyohiyo: safu ya 3 au ya 8. Sasa fikiria. Ikiwa mstari wa 2 utaiweka 7 yake kwenye safu ya 3, mstari wa 6 hauwezi kuitumia safu hiyo tena, hivyo utaiweka kwenye safu ya 8. Ikiwa mstari wa 2 utachagua safu ya 8, mstari wa 6 utabaki na safu ya 3.

Kwa vyovyote vile, 7 ya safu ya 3 na 7 ya safu ya 8 zinatoka kwenye mistari hii miwili. Kwa hiyo 7 nyingine yoyote iliyoandikwa kwa penseli kwenye safu hizo, katika mistari mingine saba, ifutwe. Mchezaji hajaandika 7 hata moja, lakini huenda amefuta tano au sita, na mara nyingi mmoja wa waliofutwa ndiye aliyekuwa akifunga njia.

Hoja hii hukua. Mistari mitatu ambayo tarakimu yake inakaa ndani ya safu tatu zilezile hufanya kazi sawa, ingawa kila mstari hauhitaji kuwa na nafasi zote tatu. Wachezaji wameipa jina la samaki mwenye pua kama upanga. Jina si muhimu. Cha kukumbuka ni hesabu yake: mistari mitatu, safu tatu, tarakimu tatu, hakuna nafasi ya ziada.

Bawa la XY

Mbinu inayofuata huunganisha vyumba vitatu, kila kimoja kikiwa na wagombea wawili. Vyumba viwili “vinaonana” iwapo viko katika mstari mmoja, safu moja au nyumba moja.

Weka chumba cha kati kwenye mstari wa 1, safu ya 1, kikiwa na wagombea 1 na 2. Chumba cha pili kipo mstari wa 1, safu ya 7, na wagombea wake ni 1 na 5. Cha tatu kipo mstari wa 5, safu ya 1, na wagombea wake ni 2 na 5. Chumba cha kati kinaviona vyote viwili.

Kikiwa 1, chumba cha pili kinanyimwa 1 na kinakuwa 5. Kikiwa 2, chumba cha tatu kinanyimwa 2 na kinakuwa 5. Hakuna njia ya tatu. Kwa hiyo angalau kimoja kati ya vyumba vya pembeni kina 5, na chumba chochote kinachoviona vyote viwili hakiwezi kuwa 5. Hapa chumba hicho kiko mstari wa 5, safu ya 7. Ikiwa 5 ilikuwa imeandikwa humo kwa penseli, ifutwe.

Ukimwamini aliyetunga

Ipo mbinu moja inayozua ubishi miongoni mwa wachezaji. Tuseme vyumba vinne vinafanya mstatili: mistari ya 1 na ya 2, safu za 2 na 5, hivyo vimegawanyika katika nyumba mbili tu. Vitatu vina wagombea 4 na 9 pekee. Cha nne kina 4, 9 na 6.

Kama cha nne kingekuwa 4 au 9, vyumba vyote vinne vingezungushana 4 na 9, na kuzibadilishana nafasi kusingevunja kanuni yoyote. Fumbo lingekuwa na majibu mawili. Kwa kuwa fumbo halali lina jibu moja, chumba cha nne ni 6.

Hoja ni safi, lakini imesimama juu ya sharti kwamba mtungaji amefanya kazi yake. Ni kama kupokea gunia bila kulifungua kwa sababu unamwamini aliyelishona. Fumbo likiwa bovu, mbinu hii itakupa “jibu” ambalo halikuthibitishwa na kitu chochote ukurasani. Ndiyo maana baadhi ya wachezaji hawaitumii kabisa. Hutaka kila hatua itokane na tarakimu zilizomo, hata kama ni kwa njia ndefu.

Kuna ukaguzi mmoja ambao kila msomaji anaweza kuufanya kabla ya kuanza. Atazame tarakimu zilizotolewa. Zikikosekana mbili kabisa, tuseme hakuna 4 wala 9 hata moja kwenye ukurasa, fumbo ni bovu. Jibu lolote litakalopatikana linaweza kugeuzwa kwa kuzibadilisha 4 zote kuwa 9 na 9 zote kuwa 4, nalo litabaki sahihi. Angalau tarakimu nane tofauti lazima zionekane tangu mwanzo.

Swali la tarakimu chache kabisa zinazoweza kutolewa liliwasumbua wanahisabati kwa miaka. Miraba iliyojaa kihalali ni mingi mno. Idadi yake ni namba yenye tarakimu 22. Mwaka 2012 timu ya Gary McGuire wa Chuo Kikuu cha Dublin, Ireland, ilitangaza kwamba hakuna fumbo la tarakimu 16 lenye jibu moja. Kiwango cha chini ni 17. Uchunguzi huo ulitumia takriban saa milioni 7.1 za kazi ya vichakato vya kompyuta.

Hata hivyo, uchache wa tarakimu si kipimo cha ugumu. Mafumbo mengi ya tarakimu 17 hufunguka kwa mbinu za mwanzo. Fumbo lililotungwa na mwanahisabati wa Finland, Arto Inkala, na kutangazwa na magazeti mwaka 2012 kuwa gumu kupindukia, lina tarakimu 21.

Mnyororo si bahati nasibu

Mafumbo ya aina ya Inkala hayafunguki kwa jozi wala mabawa peke yake. Hapo hutumika minyororo. Chukua vyumba vinne vinavyoonana kwa kufuatana, wagombea wao wakiwa 4 na 2, kisha 2 na 7, kisha 7 na 9, kisha 9 na 4. Kama cha kwanza si 4, basi ni 2; cha pili kinakuwa 7, cha tatu 9, cha nne 4. Kwa hiyo ama mwanzo au mwisho wa mnyororo ni 4. Chumba kinachoziona ncha zote mbili kinapoteza 4.

Mtu anaweza kuuliza: kusema “tuseme si 4” kuna tofauti gani na kubahatisha? Tofauti iko kwenye kinachoandikwa. Anayebahatisha huandika tarakimu na kuendelea, akitumaini. Anayefuata mnyororo haandiki kitu hadi njia zote mbili zimemfikisha mahali pamoja. Akikosea hatua, anajua ni ipi. Anayebahatisha, akikuta 3 mbili kwenye mstari, hajui kama kosa ni la dakika moja iliyopita au la nusu saa.

Aliyewahi kufunga hesabu za safari moja kwa shilingi za nchi mbili na faranga za nchi ya tatu anaijua adha hiyo. Kiwango kimoja cha kubadilisha fedha kilichoandikwa kwa kukisia hakionekani kuwa kosa siku hiyo. Huonekana mwisho wa mwezi, kikiwa kimeshaingia kwenye mistari 40.

Pale penseli inaposimama

Kwa anayetaka kujaribu leo, mpangilio ni huu. Maliza kwanza mbinu mbili za mwanzo. Andika wagombea wote, bila kuruka chumba. Tafuta nyumba zinazobana mistari, kisha jozi. Zikikosekana, fuata tarakimu moja baada ya nyingine ukitafuta bawa la X, ukianza na zile zilizobakiwa na nafasi chache. Halafu tazama vyumba vyote vyenye wagombea wawili kwa ajili ya bawa la XY na minyororo. Kila unapofuta mgombea mmoja, rudi mwanzo, kwa sababu mara nyingi ufutaji mmoja hufungua vyumba vitano vyepesi.

Likigoma tena, sababu ya kawaida ni mgombea aliyesahaulika au aliyefutwa kimakosa. Kagua kazi ya penseli kabla ya kulilaumu fumbo. Na penseli iwe na kifutio.

Lipo onyo moja la mwisho. Juni 2008, kesi ya dawa za kulevya iliyokuwa imesikilizwa kwa takriban miezi mitatu mjini Sydney, Australia, ilivunjwa baada ya kugundulika kwamba baadhi ya wajumbe wa baraza la wazee wa mahakama walikuwa wakijaza sudoku wakati mashahidi wakizungumza. Mahakamani ilidhaniwa kwamba wanaandika kumbukumbu kwa bidii. Gharama iliyopotea ilizidi dola milioni moja za Australia.

Kwa hiyo namba ya lori ikiitwa dirishani, gazeti likunjwe hata kama bawa la X limeonekana sekunde hiyo hiyo. Alama za penseli hazitaondoka. Zitakuwa palepale Kayonza, kwenye kituo kinachofuata cha chai.